Gauni Lililokuwa Kapuni

Tangu mkewe afariki, Fundi alikuwa anashona tu. Nguo za watu zilitoka vizuri, hakuna mteja aliyelalamika, ila ukimuuliza ameshona nini asubuhi ile, hakumbuki. Moyo ulikuwa umeingia ganzi. Hata mazishini hakulia, jambo ambalo majirani walilisema mpaka likawachosha wenyewe.

Shule zilikuwa zimefungwa. Binti yake na mwanawe mdogo wa kiume, aliyeitwa Kijiko kwa sababu hakukubali kulishwa na mtu, walishinda sakafuni wakiangalia ukuta. Dada yake Fundi alichungulia chumbani, akarudi amekunja uso.

"Kaka, watoto wananyauka hawa. Jumamosi nakuja kuwachukua. Kwangu kuna wenzao wa kucheza nao."

"Nitawatafutia la kufanya."

"Wewe? Hata karibu hujaniambia!"

Kweli, hakumwambia. Hakutaka wanawe waondoke, lakini hilo alilijua kwa akili tu, kama mtu anavyojua kwamba kesho ni Jumatatu.

Akawavutia kapu la vipande kutoka chini ya meza, akawapa mkasi, sindano, vifungo vilivyobaki kimoja kimoja na boksi kubwa. "Tengenezeni mnachotaka. Mtakachokuta kapuni ni chenu." Akarudi kwenye cherehani yake.

Kwa fundi yeyote, kazi ya mtu hutundikwa, masalio huenda kapuni. Fundi hakuwahi kukosea hapo. Ila siku ya msiba, watu walipohitaji nafasi ya kukaa, aliondoa kila kitu mezani, na kati ya hivyo lilikuwamo gauni la samawati la mkewe, limeshikizwa kwa uzi mweupe, bado kupigwa cherehani. Alilitia kapuni kwa mikono yake mwenyewe, wala hakukumbuka.

Jumamosi dada mtu akafika na begi tupu. Watoto walikuwa nyuma ya boksi, wamelitoboa dirisha, wanachezesha wanasesere. Mmoja alivaa samawati, na uzi mweupe unaning'inia kwenye pindo.

Fundi aliuona uzi, akaelewa. Sakafuni kulikuwa na mkono wa gauni peke yake. Akasubiri hasira ije. Haikuja.

"Njoo ule, baba watoto," binti alikuwa akisema kwa niaba ya mwanasesere. "Nguo haina miguu, haitakukimbia."

Hayo yalikuwa maneno ya marehemu, neno kwa neno. Mwanasesere wa pili, mwenye kipande cha futi ya kupimia shingoni kama fundi, alikaa kimya mkononi mwa Kijiko.

"Mbona baba hajibu?" aliuliza shangazi yao.

"Huyu hasemi," alisema Kijiko. "Hatukumshonea mdomo."

Dada mtu akamtazama kaka yake, kisha akatazama chini. Fundi akainuka, akatunga uzi mwekundu, akapiga magoti na kumshonea mwanasesere mdomo. Mshono ulienda upande, yeye ambaye hakuna mshono uliowahi kumshinda. Akamwingiza dirishani.

"Nakuja," akasema kwa sauti ya chini.

"Sema kwa nguvu, baba," binti akamwelekeza. "Mama yuko jikoni, hasikii."

Fundi akaita kwa nguvu mpaka majirani wakasikia, na katikati ya neno kilio kikamtoka. Dada yake akalisukuma begi nyuma ya mlango, akaketi sakafuni pamoja nao.