Shati Lililofukizwa Udi

Siku hizi redioni wanaongelea vinasaba, eti jasho kidogo tu kwenye kola linatosha kumtaja mtu. Nikisikia hivyo napunguza sauti. Wanangu wanadhani habari za polisi zinanitisha. Wala. Naona aibu tu, ileile ya wakati ule, na haijapungua hata chembe.

Baba alikuwa mchinja kuku wa mtaa wetu, Manzese. Mtu akiwa na shughuli, hata majirani zetu Wakristo wa kutoka bara, alileta kuku wake kwa baba ili wageni Waislamu nao wale bila wasiwasi. Jumamosi moja alikwenda kuchinja kuku wa kipaimara nyumba ya pili kutoka kwetu, akarudi na shati jeupe limerukiwa damu mpaka kwenye kola.

Ubaya ni kwamba wiki hiyohiyo alikuwa amegombana na jirani wa nyuma. Mvua zilipokolea, yule bwana akatapisha choo chake, akakitoboa kinyesi kiende na maji ya mvua, kama walivyofanya wasio na haya wengi pale mtaani, na uchafu wote ukaingia uani kwetu. Baba ni mpole, lakini siku ile alisimama katikati ya ule uvundo akapiga kelele: "Wallahi huyu nitamchinja!" Nani hakusikia?

Jumapili asubuhi jirani akaokotwa uchochoroni ana jeraha la kisu mgongoni. Alikuwa hai, ila hakumwona aliyemchoma. Jua halijapanda, polisi wakaja kumchukua baba, amevaa kikoi na fulana. Walipoambiwa kuwa jana alionekana na shati lenye damu, wakatuma mtu amwambie mama alilete kituoni lilivyo, litakwenda maabara ya serikali. Ndiyo, walimtuma mke wa mtuhumiwa. Ndio polisi tuliokuwa nao.

Mama akajifungia uani na beseni. Alilisugua lile shati kwa maji baridi na chumvi, akapiga brashi kola na mikono, akalitia bluu, akalianika, akalipiga pasi ya mkaa. Mwisho akalifukiza udi.

"Mama, si wamesema wanalitaka hivyohivyo?" nikamuuliza. Nilikuwa binti mkubwa tayari, wa kuposwa.

"Weee! Nguo ya mume wangu iende ofisi za watu inanuka damu ya kuku? Watasema kaoa nini?"

Nikamtafutia mfuko wa kulitia. Ndivyo tulivyolelewa: mume akitoka na nguo chafu, anayesemwa ni mke.

Tulipofika naye kituoni, askari wa kaunta alifungua mfuko, harufu ya udi ikajaa chumba kizima. "Mama," akasema, "hili tulipeleke maabara au harusini?" Wote wakacheka, hata mahabusu waliokaa sakafuni. Mkubwa wao peke yake hakucheka. "Mmefua damu," alisema, "halafu mnaniambia hana kosa?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Baba akapelekwa rumande. Mtaani tukaitwa wale wa udi. Wenye kipaimara walikwenda kusema kweli aliwachinjia, Mungu awabariki, lakini polisi walijibu kwamba damu ya kuku inaweza kuifunika ya mtu. Hakuna aliyetuletea kuku tena. Mama kila aendapo alieleza, "Jamani, mie na uchafu hatupatani, ningejuaje?" Watu wakamcheka, nami nikawa namtetea bombani, sokoni, kila mahali, mpaka nikatukanana na shoga zangu.

Kisha mpelelezi akatuita. Kumbe ndani ya mshono wa kola, mahali ambapo brashi haikufika, kulikuwa kumebaki damu kidogo sana, utadhani kutu. Enzi zile hawakuweza kusema ni damu ya nani, ila waliweza kutofautisha ya mtu na ya mnyama. Ilikuwa ya ndege. Wakafumua mishono yote, ya mtu hawakuipata. Hawakuwa na kingine cha kumshikia, wakamwachia.

Alirudi amekonda, lakini ana furaha. Alikaa mkekani uani anakunywa uji, akamtania mama: "Mke wangu, usafi wako huu nusura unifunge!"

Nikaangua kicheko. Mama hakucheka.

"Sikufua kwa ajili ya usafi," akasema. "Nilidhani ni wewe."

"Mie?"

"Ulisema utamchinja. Na alfajiri ile ulitoka gizani, sikuona umevaa shati gani."

"Nilikwenda kuswali!"

"Nilitaka kukuokoa, baba watoto."

Baba akaweka bakuli chini. "Yule wa maabara hajawahi kuniona hata siku moja," akasema. "Kafumua kola tu, akasema si mie." Halafu akamtazama mama. "Wewe je?"

Mama akajifunika uso kwa kanga, akalia. Nilikuwa nimewaapia watu mtaa mzima kwamba mama yangu hakujua tu mambo ya maabara.

Baba hakumpa talaka, wala hakumkaripia. Ila tangu siku ile nguo zake alizifua mwenyewe, palepale bombani, wanawake wote wakimtazama, na mama amejifungia ndani.