Kutetemeka Si Kuiba

Ipo siku moja, mwanangu Neema, ambayo nikiikumbuka natafuta maji ya kunywa mpaka leo, mie mtu mzima mwenye mvi zangu. Nilikuwa nimeizika kabisa. Umeifukua wewe juzi mezani, huku unachambua samaki, na wala hukujua.

Ngoja kwanza niseme, na wenzako unaosoma nao wakiupata ujumbe huu na wao wasome. Baba yako nimeishia darasa la saba. Wewe unasomea sheria na kriminolojia kwa pamoja, shahada moja! Hilo neno la pili nilijifunza kulitamka bafuni, peke yangu, nisije nikaaibika mbele za watu. Lakini chuma nakijua. Kuanzia Kibamba mpaka Kinyerezi, ukiona geti linafunguka bila kulia, uliza nani kalichomelea. Sikurithi hata nyundo. Majirani wakiniuliza, "Eti binti yako anasomea wezi?" nawajibu, "Anasomea wezi na wanaosingiziwa wizi," na najibu kwa sauti, wasikie hadi wapita njia.

Basi juzi ukatusimulia habari za ile ofisi ya msaada wa kisheria unakofanyia mafunzo kwa vitendo. Ukasema wakili kawatuma nyie wanafunzi mkaongee na mahabusu, kisha mpendekeze nani atetewe kwanza, maana wenye shida ni wengi na wakili ni mmoja. Ukasema kuna kijana wa kesi ya wizi wa pikipiki, hakukutazama usoni, jasho linamtoka, maneno anayakanyaga. "Huyo nimemweka mwisho kabisa, baba. Hatia imemjaa usoni." Mama yako akacheka, akasema ameshazaa hakimu. Mie nikanyanyuka nikaenda kunawa. Mlidhani nimeshiba.

Sikushiba. Niliogopa.

Nilikuwa kijana wa umri wako, nimetoka Singida hata mji sijauzoea, nimepata kibarua kwenye karakana ya Fundi Shomari pale Chang'ombe. Shomari alikuwa mtu wa pwani, mzaliwa wa Temeke hiyohiyo, mkali wa kazi, lakini chakula tulikuwaga tunakula naye sinia moja. Jioni moja nilitumia grenda, ile mashine ya mkono ya kukatia chuma, nikamaliza, nikaitundika kwenye msumari wake, nikaenda zangu. Asubuhi msumari upo, grenda haipo.

Enzi hizo grenda haikuwa kitu cha kununua ukijisikia. Karakana nzima ilikuwa inaitegemea hiyohiyo. Shomari hakupiga kelele. Alikaa juu ya pipa, akasema taratibu, "Kikulacho ki nguoni mwako. Ijumaa Maalim wa msikitini anakuja hapa, inasomwa Albadiri. Aliyechukua arudishe kabla."

Wenzangu wakaitikia tu, wameikuta tangu kuzaliwa. Ni dua inayosomwa mtu akidhulumiwa, na mara nyingi mwizi hurudisha kitu kwa kuiogopa, hata kabla kitabu hakijafunguliwa. Mie Mnyaturu, mtoto wa katekista, ndiyo kwanza naisikia. Nikamfuata Kibwana, fundi mwenzangu na mtani wangu, mdomo wake haukujua kupumzika.

"Braza Kibwana, ikisomwa inakuwaje?"

"Unavimba tumbo, Mnyaturu. Linakuwa puto. Inaanzaga na kiu."

"Hata kama hukuiba?"

"Sasa kama hukuiba, kinachokuwasha nini?"

Akaondoka anacheka, akaniacha na yangu. Nikawaza: aliyeishika mwisho ile grenda ni mie. Na hiyo dua ni ya huku pwani, mie wa bara, haijui ukoo wetu, haijawahi kunitia machoni. Itautofautishaje mkono wa kazi na mkono wa wizi? Cheka, mwanangu, hata mie sasa nacheka. Siku zile sikucheka.

Kiu ikaanza hapohapo. Kutwa nzima mie na ndoo ya maji, ndoo ya maji na mie. Kwenye sinia mkono hauendi. Chuma kikidondoka naruka. Usiku napapasa tumbo kuangalia kama limeshaanza. Kibwana akaacha utani, akawa ananitazama kwa pembe ya jicho, kisha ananong'ona na wengine, nikisogea wananyamaza. Nikajua wanachowaza, na kule kujua kukanizidishia kutetemeka, na kadiri nilivyotetemeka ndivyo na wao walivyozidi kuamini. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Hawakusema mtu akishanaswa anajisikiaje.

Ijumaa ilipofika nikaona heri nirudi kwetu. Nikafunga begi langu. Bahati mbaya njia ya kwenda stendi ilipita mbele ya karakana.

"Huyooo! Anatoroka! Si niliwaambia?" Sauti ya Kibwana.

Sijui watu walitoka wapi. Dar hii unaijua, neno "mwizi" halihitaji kurudiwa. Nimeshikwa shati, begi limenyakuliwa, mmoja kashaokota kipande cha nondo na ananitafutia pa kuanzia. Nikitaka kusema, meno yanagongana. Shomari kasimama mlangoni, hasemi wapige wala hasemi waache. Nikaona hapa ndipo mama yangu atakapoambiwa mwanawe alikuwa mwizi, na hatapata wa kumwambia vingine.

Ndipo Maalim akatokea, katoka kuswali, kanzu yake imefuliwa mpaka imekuwa nyepesi kama karatasi. Yule yule niliyekuwa nakimbia dua yake. Watu wakampisha. "Shikamoo Maalim, shikamoo." Hakuinua sauti.

"Marahaba. Nani kamwona akiichukua?"

Kila mmoja akamtazama mwenzake.

"Nani kaiona mkononi mwake? Au kwake? Au akiiuza?"

Maalim akaomba begi lifunguliwe. Shati, Biblia, na kipande cha sabuni.

Kibwana hakukubali kushindwa. "Maalim, huyu hali, halali, anakunywa maji kama ngamia! Mtazame anavyotetemeka. Dalili ya mvua ni mawingu!"

"Ni kweli," Maalim akasema. "Na mawingu mangapi umeyaona yakipita juu ya Temeke hii bila kudondosha tone? Ungekuwa unaanua nguo kila wingu likipita, ungevaa mbichi mwaka mzima."

Kisha akanigeukia mie. Nilitegemea aniulize grenda iko wapi. Akaniuliza, "Kijana, unaogopa nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Nikasema ukweli, sauti imekauka: "Naogopa dua itanikosea, Maalim."

Watu wakaangua kicheko. Yule wa nondo akacheka mpaka nondo ikamtoka. Maalim peke yake hakucheka. Akaniambia, "Dua haikosei, mwanangu. Wanaokosea ni watu. Hao ndio wa kuwaogopa." Akamgeukia Shomari. "Na wewe Shomari, umeniita nisome dua juu ya watu ambao hata hujakaa nao ukawauliza. Mimi kwa hasira sisomi." Akaondoka zake.

Grenda haikuonekana. Mpaka leo sijui nani aliichukua, na Shomari alifariki bila kujua. Aliniomba nibaki, nikabaki, lakini kuanzia siku ile sikuachiwa tena kufunga karakana peke yangu. Kibwana alirudisha utani, ila utani wenyewe ukawa na mfupa ndani. Jina likishachafuka, hata likifuliwa hubaki na doa, wenye macho wanaliona. Nikaondoka, nikafungua karakana yangu mwenyewe, na nilikofika unakujua, unalala chini ya paa lake.

Sasa unaelewa kwa nini juzi sikumaliza samaki. Nilikusikia ukiongea kwa sauti ya Kibwana, mwanangu, tena kwa Kiswahili kizuri na maneno ya chuo. Na mie ndiye niliyekupeleka huko chuoni. Tangu juzi sijatulia. Namwona yule kijana wako amekaa kwenye benchi, kiu imemkaba, anakuona umevaa koti jeusi na kalamu mkononi, na kila anavyokuogopa ndivyo unavyomsogeza chini.

Yawezekana aliiba kweli. Sikatai, wezi wapo, na mie wameshaniliza mara nyingi. Lakini hilo hulijui bado, na wakili akishafuata mpangilio wako hakuna atakayelijua tena.

Nasaha yangu ni hii, na wenzako muichukue. Jumatatu, kabla hujamwona wakili, rudi kwa yule kijana. Mpe maji kwanza. Muulize anaogopa nini, halafu unyamaze, mwache ayakanyage maneno mpaka yanyooke yenyewe. Kisha uliza na wengine: nani aliona, aliona nini, alikuwa amesimama wapi. Ukishayapata hayo, ndipo umpange unapoona panamfaa, hata kama ni mwisho. Sitakulaumu. Darasani mtafundishwa tabia za wahalifu, jifunzeni sana, ni kazi njema. Ila mjue kwamba asiye na kosa naye hutokwa jasho, tena pengine kuliko mwenye kosa, kwa sababu mwenye kosa alijiandaa. Na ukigundua ulikosea, futa, usione haya. Kujikwaa si kuanguka.

Mungu wa babu yako katekista akutangulie katika kila mlango wa mahabusu utakaouingia. Akujalie subira ya kusikiliza wanaoshindwa kusema. Asikuonjeshe kamwe kiu ile, na pasiwe na mtoto wa mtu atakayeionja kwa sababu yako. Nenda salama, mwanangu. Ukimaliza kuongea naye nipigie, hata nikiwa kazini nitazima mashine.