Nyundo kwa Mkono wa Kushoto

Bosi wetu pale Kisenyi, tunapotengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi, ni mama mwenye sauti ndogo. Mashine zikiunguruma husogea hadi begani kwako ndipo aseme. Kila asubuhi huuliza kwanza watu wa nyumbani wameamkaje, kisha kazi.

Mashine ya kukatia bati iliponinyang'anya vidole viwili vya mkono wa kulia, nilirudi nikijua nimekuja kuaga. Akanipa nyundo.

"Aol, jaribu kwa kushoto."

"Mama, haiwezekani."

"Inawezekana, polepole. Sanduku lile nimeligonga mwenyewe, kwa kushoto."

Nikalitazama: limepinda kila pembe. Kidole gumba chake kilikuwa kimevimba, kucha nyeusi. Nikamwomba anipe sanduku lile. Mwaka wa tatu huu, ndimo ninamowekea wanangu nguo za kanisani.