Machungwa ya Mapumziko

"Weye uko unauliza watu kila kitu," mama mwenye nyumba aliniambia, vidole vyake vikiwa bado kwenye nywele za mteja. "Basi leo uniambie mimi. Juu ya nini munaanguka kipindi ya pili?"

Ilikuwa Jumatatu. Jumamosi iliyotangulia timu ya chuo chetu iliongoza mabao mawili hadi mapumziko, ikarudi uwanjani na kupigwa manne. Wiki moja kabla ya hapo tulikwenda mapumziko bila bila, tukarudi tukala tatu. Mechi saba mfululizo tulikuwa tumepoteza. Mbili za mwanzo tulizidiwa tu, kama timu yoyote inavyoweza kuzidiwa, lakini tano zilizofuata zilipotea kwa namna moja: dakika arobaini na tano za mpira wa kueleweka, halafu tunaporomoka.

Mwaka huo wa 2017 nilikuwa namaliza shahada ya takwimu, na nilikuwa nimepanga chumba cha nyuma kwa mama huyo, mtaa wa Bertrams, mbali na nchi yangu, karibu na uwanja mkubwa ambao Jumamosi jioni unausikia ukinguruma kwa ajili ya timu za watu wengine. Yeye alitoka Bukavu, mjane, msusi. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa saluni yake. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, na huyo mtoto ndiye aliyekuwa kiungo wa timu yetu. Chuo kilimchukua kwa sababu ya miguu yake. Kilimsamehe ada, kikampa kitanda bwenini, na masharti yake yalikuwa mafupi: acheze. Baada ya mechi ya saba kocha akapewa barua. Timu ikimaliza msimu bila ushindi hata mmoja, itavunjwa. Zilikuwa zimebaki mechi nne.

Kwa hiyo swali la mama halikuwa la mpira. Alikuwa ananiuliza kama mwanawe atabaki chuoni.

Nilikuwa na daftari. Sikuamini bahati mbaya, na watu walioiamini waliniudhi. Baada ya kila mechi niliandika hali ya hewa, mwamuzi, uwanja una mteremko upande gani, tumevaa jezi gani, nani katolewa dakika ya ngapi. Nilidhani nikijaza kurasa za kutosha sababu itajitokeza yenyewe. Niliwahi kumshikilia kocha nusu saa nikimhoji kwa nini hawafanyi mazoezi ya kukimbia mbio ndefu. Akanijibu kwamba wanafanya, na kwamba anayeongoza kwa mbio hizo ni yuleyule kiungo, siku yoyote ya wiki.

"Siku yoyote isipokuwa Jumamosi," nikasema.

"Jumamosi ana presha," kocha akasema.

Nikaandika: presha.

Mashabiki tuliobaki tulikuwa wachache, na mwenye kelele kuliko wote hakuwa hata mwanafunzi. Alikuwa mtu wa kwetu Tanga, mwenye duka dogo la spaza kule kitongoji cha Diepsloot, aliyekuja kila Jumamosi na bakkie yake, pikapu ya kubebea bidhaa, kwa sababu, kama alivyosema, timu kubwa zina watu wa kuzililia tayari. Mimi nilimwita mjomba, yeye aliniita msomi.

"Msomi, hiyo kalamu imefunga mangapi leo?"

"Sawa na mdomo wako, mjomba."

"Kwetu hii habari ingeshakwisha. Kamati ya ufundi inakaa siku moja, basi."

Kamati ya ufundi ndiyo jina la heshima tunalowapa wazee wanaoingia uwanjani usiku kumwaga dawa golini. Nilimuuliza, kama dawa inafanya kazi, na kila timu nyumbani ina kamati yake, mbona kila wiki lazima mmoja wao apoteze.

"Ndiyo maana yanaitwa mashindano," akasema, akaendelea kumenya karanga.

Kazi yangu uwanjani ilikuwa machungwa. Nilianza kwa bahati tu, mechi ya kwanza, aliyepangwa kuyakata hakuja. Baadaye ikawa desturi. Nilikaa na kisu na bakuli nyuma ya benchi, na filimbi ya mapumziko ikilia nilipita na vipande. Wachezaji waliyafyonza na kutupa maganda kwenye nyasi za njano za majira ya baridi. Kiungo wetu alichukua kipande chake kama wengine, akashukuru, akatembea nacho peke yake hadi kwenye kibendera cha kona. Maji aliyapokea, akasukutua, akatema. Siku moja baada ya mechi nilikwenda kuokota mipira upande ule, nikakuta vipande vinne vya machungwa, vya mechi nne, vimepangwa chini ya kibendera, vizima, vimejaa sisimizi. Niliumia kuliko nilivyotaka kukubali. Jioni ile niliandika kwenye daftari: ana maringo. Nikapiga mstari chini yake.

Nieleze na jambo jingine, ambalo sikuliandika.

Mama hakuwa na siku ya kuja uwanjani, Jumamosi ndiyo siku ya saluni. Alichokifanya ni kukaa bila kula. Alianza Ijumaa baada ya chakula cha usiku, akasuka Jumamosi mchana kutwa bila hata maji, akisali kwa sauti ndogo juu ya vichwa vya wateja, hadi mwanawe ampigie simu ya matokeo. Akipigiwa ndipo anakunywa chai. Wenzake wa kanisani walifanya hivyo kwa ajili ya karatasi za ukimbizi, kwa ajili ya mimba, kwa ajili ya kazi. Yeye alifanya kwa ajili ya kiungo. Aliniomba nisimwambie mtoto.

"Ye akule vizuri, acheze," alisema. "Njaa ni ya kwangu."

Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya Waislamu. Kukaa na njaa kwa ajili ya Mungu nilikujua tangu utotoni, na nilikuwa nimekuacha kimyakimya mwaka wa pili wa chuo, bila kuwaambia nyumbani. Kwa hiyo nilimtazama mama yule kwa hasira niliyoiita akili. Nilijiambia kwamba mtu ana haki ya kujua kinachofanywa kwa jina lake. Baada ya mechi ya pili nilimsindikiza mwanawe hadi kituo cha teksi, na pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, tukisubiri kuvuka, nikamwambia.

"Mama yako Jumamosi hali. Wala hanywi. Mpaka umpigie simu."

Taa zilibadilika, hakuvuka. "Tangu lini, sisi?" Kule "sisi" ni dada.

"Tangu msimu uanze. Mwambie aache. Wewe atakusikiliza."

"Sharp," akasema, yaani sawa, akavuka.

Nilisubiri amwambie. Hakumwambia. Mama aliendelea na mfungo wake, na kadiri tulivyopoteza ndivyo alivyourefusha, kutoka siku moja hadi siku mbili. Nikahitimisha kwamba kijana hakujali, na hilo nikaliweka pamoja na sisimizi wa kwenye machungwa.

Mechi ya nane tulipoteza. Ya tisa tulipoteza kwa bao la dakika za nyongeza, na mjomba aliketi ndani ya bakkie yake na madirisha yamefungwa, hakuniita msomi. Ya kumi tuliongoza hadi dakika ya sitini. Dakika ya sitini na mbili kiungo wetu alipewa pasi ya mita mbili, akautazama mpira ukipita pembeni ya mguu wake kama mtu anayetazama gari la jirani likiondoka. Nilimpigia kelele maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kwenye jukwaa tulikuwa watu kumi na wawili, kwa hiyo alinisikia.

Ikabaki mechi moja.

Wiki ile mama alikaa siku tatu bila kula. Alhamisi jioni nilimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, taa imezimwa, mikono juu ya mapaja. Nikamwambia atakufa.

"Nitakufa na mutoto yangu iko chuoni," akasema. "Weye ulitafuta na kitabu yako miezi tatu. Ulipata nini?"

Nilikwenda chumbani kwangu. Ijumaa usiku nilipika ugali, nikala. Jumamosi asubuhi niliweka maji ya chai jikoni, nikayaangalia yakichemka, nikazima. Sikumwambia mtu yeyote. Sikuamini chochote zaidi ya nilivyoamini Alhamisi. Nilikuwa tu nimebakiwa na kitu kimoja ambacho sijakijaribu, na nilimwonea aibu mama yule aliyekuwa amejaribu peke yake tangu mwanzo. Naona haya kuliandika hata sasa, kwa sababu miaka yote nimewacheka watu kwa jambo hilohilo.

Mama alifunga saluni, akavaa kitenge cha kanisani, akaja. Mjomba alimkalisha kwenye kiti cha mbele cha bakkie, akaiegesha karibu na mstari ili aone bila kusimama. Jua lilikuwa kali, upepo wa baridi, vumbi la njano kutoka kwenye vilima vya mgodi likiingia machoni. Dakika ya thelathini na nane mwanawe aliwapita watu wawili, akatoa pasi, tukapata bao. Mjomba alipiga honi hadi mwamuzi akamwonya. Mama hakufanya lolote. Midomo yake ilikuwa inatembea.

Mapumziko nilipita na bakuli. Kichwa kilikuwa chepesi, harufu ya machungwa ilinipanda hadi nyuma ya macho. Nilipomfikia yeye alichukua kipande, akaniangalia.

"Na wewe, sisi?"

"Nimeshiba," nikasema.

"Hata mimi," akasema. Akaenda nacho kwenye kibendera.

Dakika ya sabini walisawazisha. Nilimwona ameshika magoti. Dakika ya sabini na tisa alianguka bila kuguswa na mtu, msuli wa mguu umembana, na wachezaji wawili wakamnyoosha huku kocha akipiga kelele kwamba ainuke, hana wa kumwingiza. Akainuka. Dakika ya themanini na nane mpira ulipita pale ambapo alipaswa kuwepo, na alikuwa mita tatu nyuma, anatembea. Wakafunga. Hata wao hawakushangilia sana. Nadhani walijua habari zetu.

Filimbi ikalia. Mjomba alishuka, akaenda kusimama nyuma ya gari na kutazama barabara. Mwana alikuja taratibu hadi kwenye dirisha la bakkie. Nilikuwa karibu, nikasikia walichosema, na hakikuwa kingi.

"Mama, tumepoteza."

"Niliona."

Akafungua mfuko wake, akatoa mkate, akaukata katikati kwa mikono. Nusu yake akala. Nusu nyingine mwanawe aliichukua na kuila palepale amesimama, kwa haraka, akimeza bila kutafuna, vumbi na jasho usoni, kisha akanywa chupa nzima ya maji bila kupumua. Sijawahi kumwona mtu aliyeshindwa akila hivyo. Niliketi kwenye nyasi na njaa yangu, nikamchukia. Daftari lilikuwa kwenye mkoba, na mstari wa mwisho nilioandika ndani yake ni huu: anakula kama hakuna kilichotokea.

Timu ilivunjwa. Kabla ya muhula kwisha alirudisha ufunguo wa bweni, akaja kulala saluni kati ya viti, na baada ya wiki chache akapata kazi ya ulinzi. Mama hakumlaumu mtu. Aliniambia mara moja tu, akiwa anafagia nywele, kwamba labda angefunga siku tatu tangu mechi ya kwanza. Nikamshikia kizoleo. Nilihitimu, nikahama Bertrams. Niliendelea kuuliza maswali, lakini si kwa sauti ileile.

Miaka mingi baadaye nilimkuta yule kiungo Newtown, mjini, msimamizi wa walinzi kwenye geti la soko, amenenepa kidogo, ana redio begani. Alinitambua kabla sijamtambua. Tulinunua mahindi ya kuchoma, tukasimama kuyala. Mama yake mzima, akasema, bado anasuka. Kwa kuwa muda ulikuwa umepita, nilimpa siri yangu. Nilimwambia kwamba siku ya mechi ya mwisho sikuwa nimeshiba, kwamba na mimi sikula.

Alicheka sana. "Hata mimi," akasema.

Nilidhani anarudia tu neno lake la siku ile. Nikamwangalia, akaacha kucheka.

"Ningekulaje?" akasema. "Mama hajala, halafu mimi nakula ili nicheze vizuri? Eish, sisi. Niliweka chakula mdomoni mara moja, nikakitoa."

Nikamuuliza kama mama yake anajua. Akatikisa kichwa, akaniomba nisimwambie, na safari hii sijamwambia.

Sisemi njaa ya mtu mmoja ndiyo iliyowaangusha kumi na mmoja. Mabeki wetu walikuwa wabovu hata kipindi cha kwanza. Lakini mpira wote ulipita kwake, na daftari bado ninalo. Ndani yake kuna mvua, waamuzi, jezi na miteremko. Hakuna mahali nilipoandika nilichosema mimi, wala lini.

Nilimuuliza alianza mechi ya ngapi. Alihesabu kwa vidole, kutoka ya mwisho kurudi nyuma, akaishia mechi ya tatu: Jumamosi ya kwanza baada ya mimi kumwambia.