Diski Iliyolala Juu ya Mafiga

Siku ile bado naiona, mwanangu, utadhani matope ya safari hayajakauka miguuni. Nilikuwa nimepakiwa kwenye baiskeli ya kukodi kutoka Ruangwa mjini kwenda Nkowe, mvua imetoka kunyesha, mwenye baiskeli ananung'unika kila tukiteleza, na mimi huko nyuma naimba. Naam, naimba. Kompyuta yangu ilikuwa imeungua Nachingwea, umeme ulikatika ukarudi na hasira zake, na bado naimba, kwa sababu nilikuwa na kopi ya pili ya kazi yangu kwa mama mdogo. Nilijiona mjanja kuliko wapiga picha wote wa kusini.

Usinicheke bado. Ngoja nikwambie mlikuwa na nini humo.

Nilikuwa na ndugu yangu Hamisi, mtoto wa mama mdogo Somoe. Tulikuwa na kibanda cha kupiga video za harusi pale Nachingwea, na kila tulichopata kwenye harusi tulikimalizia kwenye filamu yetu wenyewe, filamu ya wakulima wa korosho wa Nkowe, tangu mikorosho inapotoa maua hadi magunia yanapopakiwa. Hakuna aliyetutuma wala aliyetulipa. Kamera ilikuwa mali ya Hamisi na hakupenda mtu aiguse. Sasa mshika kamera, mwanangu, ni kama mpishi wa shughuli: wote wanashiba, yeye hakumbukwi kuwekewa sahani. Picha zote zile Hamisi hayumo.

Isipokuwa mara moja. Tulikuwa shambani kwa mama yake, yeye kaweka kamera chini ili amsaidie kuokota korosho, nami nikaiiba nikawasha. Mama mdogo akawa anamgombeza kwamba anaokota kivivu. Hamisi akasimama, akajifunga khanga ya mama yake kiunoni, akaanza kutembea kama yeye, mkono mgongoni, midomo imebenuka. Mama mdogo akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamrushia bibo, lile tunda la korosho, naye akalidaka akalila. Basi, ni hayo tu. Wakati ule niliona ni mchezo wa kupotezea kanda.

Hamisi alifariki filamu haijaisha. Homa ilimshika ghafla, wala haikutupa nafasi ya kuhangaika.

Baada ya arobaini mama mdogo aliniita kando. "Siku ile ya mabibo, Hamisi yumo kwenye picha zako?"

"Yumo, mama. Anatembea, anaongea."

"Basi nionyeshe."

Nikamwambia asubiri, niimalize kwanza, nimletee kitu kizuri chenye jina la mwanawe. Nikajifariji kwamba haraka haraka haina baraka. Nikasahau kwamba waliosema hivyo ndio hao hao waliosema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Kanda zenyewe tulikuwa tumeshazirekodia harusi za watu juu yake, maana kanda zilikuwa ghali na kila kitu kilishahamia kwenye kompyuta. Lakini nilikuwa nimesikia kwamba kazi haiwekwi nyumba moja, nikanakili yote kwenye diski, nikaipeleka Nkowe. Nikamwekea mama mdogo mikononi. "Mama, Hamisi yumo humu. Mtunze." Akaipokea kwa mikono miwili, asiulize neno, nami nikageuza kurudi mjini. Ulipita msimu mzima wa ufuta na mwingine ukaingia, sikurudi kuitazama.

Kwa hiyo siku ile ya matope nilipofika na kusema nimeifuata diski, mama mdogo alifurahi. Aliniongoza jikoni mwenyewe. Juu ya mafiga kulikuwa na kichanja, na kichanjani mahindi ya mbegu yamening'inia na maganda yake, meusi kwa moshi, na vibuyu vya kunde na mtama. Akashusha kibuyu kimoja kilichozibwa mdomo kwa udongo. Akakigonga taratibu kwa kisu, akaingiza mkono, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha khanga. Majivu yakamwagika.

"Nimekitia majivu," akaniambia, "wadudu wasikile."

Mwanangu, pale jikoni ndipo mahali pa heshima kuliko pote katika nyumba ile. Pesa huweza kukaa chini ya godoro, lakini mbegu hukaa juu ya moto, kwa sababu mbegu ikipotea ndio mwaka umepotea. Mama mdogo alimweka mwanawe pale pale anapoweka mwaka wa kesho. Diski ilikuwa imejikunja upande mmoja kwa joto. Nilipoiinamisha, majivu yakatoka kwenye kile kitundu cha kuchomekea waya.

Fundi wa Nachingwea aliisafisha, akaiwasha, ikagongagonga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Tukaituma Dar es Salaam. Ikarudi na jibu lile lile: hakuna kinachosomeka. Wahenga wanasema akiba haiozi. Mimi nimeiona ikioza.

Nikarudi Nkowe. Mama mdogo alikuwa anapepeta, hakuacha ungo.

"Ameonekana?"

"Hajaonekana, mama."

Akapepeta kitambo. Halafu akasema, bila kunitazama, kwa kile Kiswahili chake cha taratibu alichojifunzia sokoni: "Mahindi yanaogopa dumuzi. Kunde inaogopa unyevu. Mimi nayashusha, naanika, naangalia, narudisha. Hiki chako kinaogopa nini, hukuniambia. Ulisema nitunze, nikatunza."

Akaweka ungo chini.

"Basi ni mimi nimemchoma Hamisi."

Nilimwambia si yeye. Nililia, nikamshika miguu, nikarudia kwamba si yeye. Hakunisadiki. Mama yule aliishi miaka mingi baada ya hapo, na simu zenye video zilipofika vijijini, kila kijana aliyekaa barazani kwake akifungua simu, yeye alisogea, akachungulia kioo na kuuliza kwa adabu, "Mwanangu hayumo humo?" Vijana walidhani ni uzee. Mimi nilikuwa nainuka naenda nyuma ya nyumba.

Ndiyo maana, mwanangu, niliposikia umepata kamera na unataka kwenda Chinongwe kurekodi wazee, sikukupongeza. Nilikuita. Nisikilize basi. Usifute ya kwanza mpaka umeifungua kopi kwa macho yako, ukaiona inacheza. Weka moja unapofanyia kazi, nyingine nyumba nyingine kabisa, na ya tatu mbali, huko mtandaoni mnakosema siku hizi. Ziandike majina, maana diski isiyo na jina ni kibuyu kisichojulikana kina nini. Kila msimu zishushe, uzifungue, ukiona moja imeanza kuchoka hamishia kwenye mpya. Na unayempa akutunzie, mwambie kitu hiki kinaogopa joto, maji, vumbi na kuanguka. Usimtwike mtu mzigo wa mapenzi bila kumweleza unavyobebwa.

Na zaidi ya yote, uliyempiga picha mwonyeshe leo. Usisubiri filamu iishe. Filamu haiishi, mwanangu, wanaokwisha ni watu.

Nenda sasa, mvua haijaanza. Mungu akulindie mikono na macho, akupe umeme wa kutulia na watu wa kukungojea. Na mama yeyote atakayekuuliza kama mwanawe yumo humo, Mungu akujaalie uweze kumjibu: yumo, mama, sogea umwone.