Gia ya Mbale na Mtembeza Wageni wa Jinja

Jumanne niliambiwa kwamba yule mtembeza wageni wa Jinja, mwenye kofia ya jeshi iliyopauka, amefariki na atazikwa Budondo. Nilikwenda. Msemaji wa kwanza akasema tumepoteza mwalimu, wa pili akasema tumepoteza hazina ya historia, na mimi niliyekaa nyuma kwenye kiti cha plastiki nikasema moyoni, lo, watu hawa wana macho makavu kweli! Najua maiti akiwa mbele yetu hutakiwa kusifiwa. Wasomaji wangu mnanijua, sina kipaji hicho. Marehemu alikuwa mwongo, tena mwongo mvivu, kwani kwa miaka yote niliyomfahamu aliishi kwa uongo mmoja tu.

Ziara yake ilichukua muda mfupi, hata saa nzima haikutimia. Aliwakusanya wageni barabara kuu, akawaonyesha maduka ya zamani ya Wahindi, akawapitisha upesi kwenye maghala ya pamba, kisha akawasimamisha mbele ya geti la kiwanda cha nguo kilichofungwa. Mwenyewe hakuwahi kufanya kazi kiwandani hata siku moja. Alikuwa askari, Kiswahili alikipata kambini, na kwa sababu hiyo Wakenya walimpenda. Pale getini ndipo alipochekesha. "Nyinyi wageni, sikia! Hii kiwanda haikufa na vita. Iliuawa na fundi moja tu! Alitoa gia ya mashine kubwa, akaweka kwa gunia, akapanda basi ya Mbale. Kesho yake mashine yote kimya!" Wageni wakacheka, wakapiga picha, wakateremka kutazama Mto Nile, maana hicho ndicho kilichowaleta.

Siku moja nilikuwa kwenye ziara hiyo na wageni wangu kutoka Nakuru. Miongoni mwetu alikuwamo mama mmoja muuza vitenge wa Mbale, aliyetembea njia nzima na mfuko mzito begani. Wenzake walipoangua kicheko pale getini, yeye akasogea mbele. "Afande," akasema, "huyo fundi unayemtukana ni baba yangu." Akatoa gia iliyoviringishwa kwenye leso. "Meno ya gia hii yalivunjika. Bosi akamtuma Mbale kwa mchonga vyuma aliyemwamini. Aliporudi nayo akakuta geti lina kufuli na mlinzi asiyemjua. Akaiweka nyumbani akingoja waitwe kazini. Aliipaka grisi mpaka anakufa. Leo wajukuu zake wanaitwa watoto wa mwizi wa gia. Nakuomba, afande, uache." Akamwachia gia iwe ushahidi, na marehemu akaipokea kwa mikono miwili. "Pole, mama. Pole sana. Nimesikia. Hiyo stori nitatengeneza." Nusura nimheshimu.

Wiki mbili baadaye nikapita pale getini. Mtu wangu kaiinua gia juu kwa mikono yote miwili, jasho linamtoka kwa furaha. "Nyinyi wageni, hii ndio yenyewe! Ile gia iliibwa! Ilipatikana Mbale, kwa nyumba ya mwizi!" Nikamngoja amalize. "Bwana, huna haya?" nikamuuliza. Akacheka, akanigonga bega. "Mzee, fundi muzuri haichekeshi wageni." Tangu siku hiyo salamu yake nilikuwa naiitikia nikiwa naangalia pembeni. Lakini nilivyozidi kufikiri niliona kwamba hakuwa peke yake. Mji wetu uliwahi kufuma nguo na kuchonga vyuma, king'ora cha kiwanda kikilia, watu wa Mafubira kando ya mji walijua saa bila kutazama ukutani. Sasa tunauza matembezi ya kuzunguka kuta. Na katika matembezi hayo hujamsikia mtu akimtaja aliyelifunga geti. Huyo ni mkubwa, ana watoto wakubwa. Tumemtafuta mwenye mikono ya grisi, tukamtwika yeye kifo cha kiwanda kizima, tukacheka. Wanafiki wakubwa sisi! Halafu tunashangaa vijana wetu wanaona aibu kuitwa mafundi.

Baada ya mazishi nilimweleza mjane habari ya gia ile, naye akanipa bila ubishi. Nikaipeleka Mbale, nikamkuta yule mama anapanga vitenge dukani. Niliiweka juu ya meza. Hakuigusa. "Chuma si shida yangu," akasema. "Shida yangu ni nani alianza kusema maneno yale. Afande hakuwa mtu wa hapa Mbale wala wa kiwandani, asingemjua baba. Nani alimwambia?"

Ningeweza kunyamaza. Nikaomba maji, nikanywa. Kisha nikamwambia ukweli. Zamani, kabla marehemu hajamtembeza mgeni hata mmoja, niliandika katika safu hii hii habari ya fundi mwenye gia. Niliisikia kwenye meza ya chai, watu wanacheka, nikaona itawafaa wasomaji wangu Jumapili. Sikumuuliza mtu. Kutoka Jinja hadi Mbale ni safari ya asubuhi moja, na mimi nilishindwa kuifunga. Marehemu alijifunza kazi yake kwa kunisoma mimi.

Yule mama alikunja kitenge alichokuwa akipanga. Hakulia wala hakunitukana, na laiti angenitukana. "Basi andika tena," akasema, "na jina lako liwe pale pale lilipokuwa."

Naandika. Fundi yule hakuiba. Alitumwa, akaenda, akarudi na kazi imekamilika. Kabla hujamcheka mtu wa kazi, nenda kwanza ukabishe hodi kwake. Mimi sikubisha.