Treni ya Babu Iliyokuwa Bado Njiani

Ng'aaa! Halafu ng'a-ng'a-ng'a, kama sarafu kubwa inayozunguka kabla ya kulala. Mlio huo wa shaba juu ya sementi ninao masikioni mpaka leo. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, nyumbani kwetu Namatala, hapa Mbale, na nilikuwa nakunywa chai kabla ya kwenda kazini. Nilikimbilia chumbani nikamkuta bibi yangu, ambaye sisi tunamwita Kukhu, amepiga magoti anafunika kitu kwa leso kama mtu anayezima moto.

"Kukhu, ni nini hicho?"

"Usipige kelele! Nilitaka kukitupa mtoni, kikaniponyoka."

Kilikuwa kisahani cha shaba, kinene, kizito, kimechorwa neno JINJA. Kando yake palikuwa na mfuko uliofungwa tayari. Nikaufungua: sweta yake ya buluu, kipande cha sabuni, mswaki, shuka. Nikamuuliza anasafiri kwenda wapi.

"Jela," akasema.

Siku chache nyuma redio ilikuwa imetangaza kwamba Jinja kumefunguliwa makumbusho ya usafiri wa watu wote, wa zamani na wa kesho, na kwamba wenye vitu vya reli majumbani wavilete. Mimi nilisikia tangazo hilohilo nikiwa kwenye cherehani, nikafurahi peke yangu. Kukhu alisikia amri. Kwa mtu wa umri wake, sauti ya mwanamume ikisema kwa Kiswahili, lugha ya askari wa enzi zile, "vileteni" haiwezi kuwa mwaliko.

Asubuhi hiyo ndipo aliponieleza yote. Babu yangu, Mafabi, alikuwa dereva wa treni za mizigo, akikaa Walukuba kule Jinja. Njia ya reli ni moja na treni zinatoka pande mbili, kwa hiyo enzi hizo dereva haondoki stesheni mpaka apewe kisahani mkononi. Hicho ndicho ruhusa yake. Aliye nacho ndiye mwenye njia, na akifika stesheni inayofuata anamkabidhi mkuu wa stesheni, mkono kwa mkono. Siku moja wakati wa vita, babu alitoka Jinja na mabehewa ya sukari. Kabla ya kufika stesheni inayofuata, watu wenye bunduki wakaisimamisha treni na kila mtu akakimbia. Babu alitembea kwa miguu mpaka Mbale, kisahani kimo ndani ya koti. Hakukirudisha kamwe. Kukirudisha kungekuwa kusema "dereva ni mimi," na wangemuuliza sukari ilikwenda wapi. Alitengeneza baiskeli Namatala hadi alipofariki, na kila afande aliyeleta pancha alimhudumia bila kuinua macho.

Kukhu alibaki na kisahani, na hofu pia. Tangu lile tangazo alikuwa halali. Simu yake ameizima, ati wanaifuata.

"Nitakipeleka mimi," nikamwambia.

"Wakikushika?"

"Nitatumia sabuni yako."

Hakucheka. Alinishika mkono, akasema, "Usimwambie mtu jina la babu yako. Wamwite chochote, lakini wasimwite mwizi."

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi. Nilikuwa nimemuaga fundi wangu kule Malukhu, tunakoshona vitambaa vya viti vya magari. Niliacha shule Senia Tu, mwaka wa pili wa sekondari, na tangu hapo nimevalisha viti vingi kuliko nilivyokalia. Kwa kawaida safari inanifurahisha mno. Nakaa dirishani natunga mabasi yangu kichwani, mabasi ambayo mama anaweza kulala bila kukumbatia mfuko wake. Siku hiyo ni mimi niliyekumbatia mfuko, na kisahani kilinikandamiza mapaja kama mtoto asiyetaka kushuka.

Kwenye daraja la Mpologoma, mashamba ya mpunga yakiwa kijani pande zote mbili, polisi walisimamisha basi. Afande mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya uchovu, akaingia akipapasa mizigo. Akafika kwangu.

"Wewe, iko nini hapa ndani?"

"Nguo, afande."

"Nguo ngumu namna hii?"

"Na mfuniko wa sufuria, afande."

Akaupima mfuko kwa mkono mmoja, akashangaa. "Mfuniko! Kwenu mnapika mawe?"

Basi zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, jasho linanishuka mgongoni. Akaenda zake. Abiria wa karibu yangu, baba mmoja, akanong'ona, "Dada, mfuniko huo ukiuza, niambie," na mpaka Iganga sikuweza kumeza hata tonge la chapati niliyobeba.

Saa nne na nusu nikawa Jinja. Boda ilinipitisha kando ya Walukuba, kwenye zile nyumba za safu safu za wafanyakazi, nikatafuta kwa macho mlango ambao Kukhu aliwahi kuufagia akiwa bibi harusi. Sikuujua ni upi. Nikaipungia mkono safu yote.

Makumbusho yenyewe ni godauni refu kando ya reli. Getini mlinzi akaniambia kwa adabu ya Kiganda, "Mifuko inabaki hapa, nyabo." Nikaomba kwenda chooni kwanza. Kule ndani nikakifunga kisahani tumboni kwa leso, mafundo mawili, nikavuta blauzi juu yake. Nikatoka natembea kama mjamzito wa miezi mitano, nikamkabidhi mlinzi mfuko mtupu.

Nilichokusudia kilikuwa rahisi: nione kona isiyo na mtu, nikiweke, nikimbie.

Lakini ndani kulikuwa na darasa zima la watoto wa shule, na msichana wa kutembeza wageni, Babirye, mwenye sauti ya kengele. Ukutani wameandika GUSA KILA KITU. Watoto walitii. Walikata tiketi za zamani, wakapuliza filimbi, wakapanga mabasi madogo juu ya meza yenye ramani ya mji wa kesho, na kila walipoweka vibaya taa nyekundu zikawaka. Ni mimi pekee ambaye sikugusa kitu.

Karibu na mlango palisimama sanduku jekundu la chuma lenye mshale na kengele.

"Hii ni mashine ya Jinja," Babirye akasema, "na mwenzake ile pale mwisho wa godauni ni ya stesheni inayofuata. Zinatoa kisahani cha ruhusa. Kisahani kimoja kikiwa nje, kingine hakitoki, hata ukiita mafundi kumi. Mshale huu unasema 'treni njiani.' Vita vilipokwisha, walitumia vibali vya karatasi, mashine zikatupwa stoo. Kwa akili ya mashine hii, treni ile bado haijafika."

"Kisahani kiko wapi?" mtoto mmoja akauliza.

"Hatujui. Dereva alipotea nacho."

"Mwizi!" mvulana mwenye soksi fupi akapiga kelele, na wenzake wakaitikia, "Mwizi! Mwizi!" huku wakicheka, kama watoto wanavyocheka tu. Mwalimu naye akatabasamu, "Labda aliuza chuma chakavu."

Shaba ile ilinichoma tumboni kama imetoka jikoni. Nikageuka, nikatembea haraka kuelekea vitu vya kesho ili wasinione macho.

Katikati ya godauni kuna basi la umeme la kujifunzia: kiti cha dereva, usukani, na mbele yake skrini kubwa. Nilikaa tu ili nijifiche. Kwa mazoea nikapapasa mshono wa kiti, ulikuwa umefumuka. Skrini ikawaka yenyewe, nami nikaona barabara ya Jinja ya siku zijazo, miti imejipanga, watu wanangoja kwenye kivuli bila kusukumana. Mungu wangu, nilisahau. Nilikanyaga, basi likaenda kimya kabisa, nikajiona nimevaa sare, namshusha Kukhu mlangoni kwake.

Mbuzi akakatiza kwenye skrini. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, na fundo la leso likaachia.

Ng'aaa! Ng'a-ng'a-ng'a.

Kisahani kilizunguka, kikalala karibu na viatu vya Babirye, neno JINJA likiwa juu.

Mlinzi akaja mbio. "Kuna nini? Ameiba nini?" Akanishika bega.

Ningeweza kusema nimekiokota. Nilikuwa nimelijaribu neno hilo njia nzima. Lakini yule mvulana wa soksi fupi alikuwa ananitazama, na mdomo wake ulishaanza kufanya "mwi..."

"Ni cha babu yangu," nikasema. "Anaitwa Mafabi. Alikuwa dereva. Hakuiba. Alisimamishwa na bunduki, na alitembea mpaka Mbale, na hakukiuza hata tulipokosa posho. Aliogopa tu." Nikalia, naomba mnisamehe, nililia mbele ya darasa zima.

Babirye akamwambia mlinzi, "Mwache, afande. Huyu yuko kazini." Akakiokota, akakifuta kwa kiganja, akageuka kuondoka nacho.

"Hapana," nikasema. Sijui ujasiri ulitoka wapi. "Nyabo, samahani. Hakiachwi mikononi mwa mtu yeyote, ni cha mkuu wa stesheni tu."

"Sisi hatuna mkuu wa stesheni."

"Basi mashine."

Akanitazama, akanirudishia. Mimi nikaelekea sanduku la mlangoni, lenye jina la Jinja. Akanivuta mkono polepole. "Hiyo siyo. Alikuwa anatoka huku. Mpeleke alikokuwa anakwenda."

Nikatembea godauni zima. Nikaipita meza ya ramani, nikalipita basi la umeme ambalo skrini yake bado ilimwonyesha mbuzi, watoto wakinifuata kwa ncha za vidole. Kule mwisho, kwenye sanduku la pili, kulikuwa na tundu jembamba kama mdomo. Kisahani kiligoma kidogo, kisha kikaingia. Babirye akaninong'oneza nivute mpini. Kengele ikalia mara moja, na upande wa pili, kwenye mashine ya Jinja, nyingine ikajibu. Mshale ukatoka kwenye "treni njiani."

"Imefika!" mvulana wa soksi fupi akapayuka, na wote wakapiga makofi.

Saa nane nikawa barabarani tena, na karatasi yenye muhuri: imepokelewa ruhusa ya treni, kwa mkono wa familia ya dereva Mafabi. Kwenye daraja yule afande alikuwepo bado. Akaukung'uta mfuko wangu. "Mfuniko uko wapi?"

"Umefika kwa sufuria yake, afande."

Jua lilikuwa bado juu ya Namatala nilipoingia nyumbani. Kukhu alikuwa amekaa kwenye kiti akiukabili mlango, mfuko miguuni, sweta ameivaa kabisa na joto lote lile. Nikamsomea karatasi. Akataka niisome tena.

"Wamemwita mwizi?"

Nikawaza watoto. "Walianza hivyo, Kukhu. Wakamaliza kwa 'dereva.'"

"Kwa hiyo amefika?"

"Amefika."

Akaegemea ukuta. Sikujua kama analia au anaomba, mpaka niliposikia anakoroma.

Nilikwenda Jinja nikidhani napeleka kosa la nyumbani kwetu. Nikakuta watu wanamngoja mtu wetu. Siku hizi ninapovalisha kiti, namfikiria atakayekikalia, na atakayekuwa anamngoja mbele.

Jioni hiyo sikumwamsha. Nilimvua sweta taratibu, mkono mmoja, kisha mwingine, nikaitundika kwenye msumari wake. Nikaufungua mfuko wa jela. Shuka nikalitandika kitandani. Mswaki nikaurudisha kwenye kikombe. Kisha nikachukua ile sabuni, nikatoka nayo uani, nikanawa mikono.